Jacobsen, mpika bia aliyegawa mbegu yake bure

KATIKA hoteli za Nungwi, kaskazini mwa kisiwa cha Unguja, bia ni bidhaa ya safari. Inafika Zanzibar kwa meli, inapakiwa kwenye gari mjini, inasafirishwa kilomita zipatazo 60 hadi kijijini, kisha inauzwa ikiwa baridi kwa watalii wanaotazama jua likizama, huku mafundi wa majahazi wakikusanya zana zao pembeni mwa pwani. Wenyeji wengi wa Nungwi ni Waislamu na bia si kinywaji chao. Hata hivyo, hakuna jiko la kijiji hicho lisilofahamu kazi ya kiumbe anayeitengeneza bia hiyo. Kiumbe huyo ni hamira.

Hamira inayoumua mandazi, vitumbua na mkate wa kumimina ni mzazi mmojawapo wa hamira inayochachusha bia aina ya laga. Mgema naye anaifahamu kazi hiyo kwa njia nyingine. Tembo analoshuka nalo mnaziini asubuhi ni tamu, jioni limekuwa kali, na baada ya siku kadhaa linageuka siki. Mgema hakutia kitu. Vijidudu vilivyokuwamo hewani na ndani ya kibuyu vimefanya kazi bila kuagizwa.

Anayeweza kuviongoza vijidudu hivyo hupata bidhaa ileile leo na kesho. Asiyeweza hubahatisha, na mteja huchoka haraka na biashara ya kubahatisha. Tofauti hiyo ndiyo iliyomshughulisha kwa miaka hamsini Jacob Christian Jacobsen wa Denmark, mwanzilishi wa kiwanda cha Carlsberg. Alianza na sufuria ya kufulia nguo ya mama yake. Alimaliza akiwa tajiri aliyeuachia umma kiwanda chake chote, na mbegu iliyomtajirisha akawa ameigawa kwa washindani wake bila malipo.

Mtoto wa mpika bia mdogo

Jacobsen alizaliwa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, tarehe 2 Septemba 1811. Baba yake, Christen Jacobsen, alikuwa mtoto wa mkulima kutoka Jutland aliyekwenda mjini kutafuta maisha. Alifanya kazi katika viwanda vya bia vya watu wengine mpaka akapata kiwanda chake mwenyewe, kidogo, katika mtaa wa Brolæggerstræde.

Mzee huyo hakuwa na elimu kubwa, lakini alithamini maarifa. Kijana wake alihudhuria mihadhara ya Hans Christian Ørsted, mwanasayansi aliyegundua mwaka 1820 kwamba umeme unaweza kuisogeza sindano ya dira. Huko ndiko Jacobsen alikojifunza tabia iliyomfaa maisha yake yote: kupima kwanza, kuandika alichopima, ndipo aamini.

Mwaka 1835 baba alifariki. Jacobsen, akiwa na miaka 23, akakabidhiwa kiwanda pamoja na matatizo yake. Bia ya Denmark ya siku hizo ilikuwa hafifu na yenye ukungu. Ilichachushwa katika joto la kawaida la nyumba, ikawa tayari kwa siku chache, na ikachacha upesi vilevile. Pipa la Jumatatu halikufanana na la Alhamisi. Kila mpika bia alichota povu la pipa la zamani akalitia katika pipa jipya, kama mpishi anayebakiza donge la unga uliokwisha kuumuka ili kuumulia unga wa kesho. Ndani ya povu hilo mlikuwa na nini, hakuna aliyejua.

Sufuria ya mama

Wakati huo habari za bia mpya zilikuwa zimeanza kufika kaskazini mwa Ulaya kutoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Ilikuwa bia ya rangi ya kahawia iliyokoza, angavu, isiyochacha haraka. Jina lake, laga, linatokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kuhifadhi ghalani, kwa sababu bia hiyo ilikaa kwenye mapango ya baridi kwa miezi kabla ya kunywewa.

Rangi yake ilitokana na kimea. Shayiri iliyoloweshwa na kuchipua, kama wanavyofanya watengenezaji wa togwa kwa mtama au ulezi, ilikaushwa kwenye tanuri lenye joto kali hadi ikapata rangi na harufu ya ganda la mkate uliookwa vizuri. Kimea kilipondwa na kulowekwa kwenye maji ya moto ili wanga wake ugeuke sukari. Maji hayo matamu yalichujwa, yakachemshwa pamoja na maua ya mmea uitwao hopsi, ambayo huleta uchungu kidogo na kusaidia bia isiharibike, kisha yakapozwa tayari kutiwa hamira.

Hadi hapo mtu yeyote makini angeweza kuiga, na Jacobsen aliiga. Alifanya majaribio nyumbani kwa kiasi kidogo, akitumia sufuria kubwa ya shaba ambayo mama yake alichemshia nguo. Kwa lugha ya wafanyabiashara wa leo, hakuhatarisha mtaji kabla ya kujaribu bidhaa. Kundi likiharibika, hasara ilikuwa ndoo chache tu za kimea.

Lakini ugumu haukuwa kwenye sufuria. Ulikuwa kwenye mambo mawili ambayo Copenhagen haikuwa nayo: mbegu na baridi.

Hamira ya kawaida ya Denmark ilipenda joto. Ilifanya kazi haraka, ikapanda juu na kuelea kama povu. Hamira ya Bavaria ilikuwa ya tabia nyingine. Ilifanya kazi taratibu kwenye nyuzi joto 8 hadi 10, ambako vijidudu vingi vinavyochachua bia huzubaa, na ilipomaliza ilizama chini ya pipa na kuiacha bia ikiwa angavu. Kutengeneza laga kwa hamira ya kienyeji kulikuwa sawa na kupanda mbegu ya mahindi ya nyanda za juu kwenye shamba la pwani. Jina la zao ni lilelile, mavuno sivyo.

Sanduku la kofia

Mwaka 1845 Jacobsen alikwenda Munich, kwenye kiwanda cha Spaten cha Gabriel Sedlmayr, mmoja wa wapika bia hodari wa Bavaria. Akapata huko kiasi kidogo cha hamira ya laga, na kazi ikawa kukifikisha nyumbani kikiwa hai.

Kutoka Munich hadi Copenhagen ni zaidi ya kilomita 800 hata kwa mstari ulionyooka. Hapakuwa na friji, na sehemu kubwa ya safari ilikuwa ya gari la farasi. Hamira ikipata joto hufa, au huzidiwa na vijidudu vingine. Inasimuliwa kwamba Jacobsen aliiweka hamira yake kwenye makopo ndani ya sanduku la kofia, na kila gari liliposimama kubadilisha farasi alishuka na kuyamwagia makopo hayo maji baridi. Abiria wengine walishuka kunyoosha miguu na kula. Yeye alishuka kutafuta maji.

Mvuvi wa Nungwi anayewahisha samaki sokoni na barafu inayoyeyuka ataielewa safari hiyo bila maelezo mengi. Mzigo wa Jacobsen haukuwa na bei sokoni. Mtu mwingine angeuona kama matope ya rangi ya maziwa. Lakini biashara yote aliyoikusudia ilikuwa ndani ya makopo hayo, na alilijua hilo.

Hamira ilifika hai. Jacobsen aliipika bia yake ya Bavaria katika kiwanda cha zamani cha mjini, na kwa kuwa hakuwa na pango la baridi alipata ruhusa ya kuhifadhi mapipa kwenye vyumba vya chini ya kuta za ngome zilizozunguka mji. Bia ilipotoka huko, wateja waliikubali.

Baridi na muda

Kuazima vyumba vya ngome hakukuwa mpango wa kudumu. Jacobsen alinunua ardhi kwenye kilima huko Valby, nje ya mji. Alikichagua kilima hicho kwa hesabu: kulikuwa na maji mazuri, udongo ulifaa kuchimbwa maghala ya chini, na reli mpya kati ya Copenhagen na Roskilde, iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1847, ilipita karibu. Malighafi zingeingia na bidhaa ingetoka bila kutegemea barabara mbovu.

Pipa la kwanza lilipikwa Novemba 1847. Kiwanda kilipewa jina la mtoto wake wa kiume, Carl, aliyekuwa na miaka mitano, likiunganishwa na neno lenye maana ya kilima. Ndiyo asili ya jina Carlsberg. Bia ya kwanza ya kiwanda hicho haikuwa ile ya rangi ya dhahabu inayojulikana leo. Ilikuwa laga nyeusi ya Bavaria.

Wakati wa majira ya baridi barafu ilikatwa na kujazwa kwenye maghala ili iyapoze hata majira ya joto. Ndani ya maghala hayo mapipa yalikaa kimya kwa miezi. Hapo ndipo wafanyabiashara wengi walipomwona Jacobsen kuwa mgumu. Bia iliyokaa ghalani ni fedha iliyolala. Mwenye haraka angeitoa mapema, aiuze na kununua shayiri nyingine. Jacobsen alikataa. Kwake yeye baridi na muda vilikuwa malighafi kama shayiri na maji, na aliyepunguza kimoja alikuwa ameuza bidhaa pungufu.

Gharama ya baridi inafahamika vizuri Unguja. Umeme wa kisiwa hicho unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na waya huo ulipokatika mwaka 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa takribani mwezi mzima. Hitilafu iliyotokea Desemba 2009 ilichukua kama miezi mitatu. Wenye hoteli waliendesha jenereta, wauza samaki wakahangaika na barafu. Mtu anayetaka kuchachusha laga nyumbani Nungwi, ambako hata usiku wa kipupwe joto ni kubwa kupita mahitaji ya hamira hiyo, angelazimika kutegemea friji kwa wiki nyingi mfululizo. Jacobsen alikuwa na majira ya baridi ya bure, na bado alihesabu gharama zake kwa makini.

Baba na mwana

Ugomvi mkubwa wa maisha yake haukuwa na mshindani wa nje. Ulikuwa na yule mtoto aliyebeba jina la kiwanda.

Carl Jacobsen alipelekwa nchi mbalimbali za Ulaya kujifunza upishi wa bia. Aliporejea, baba alimjengea kiwanda cha pili jirani na cha kwanza na kumpangisha, kuanzia mwaka 1871. Carl alikuwa mfanyabiashara mwenye kasi. Aliona soko linakua, akazalisha kwa wingi, na akaikaza bia yake ghalani kwa muda mfupi kuliko baba alivyotaka. Kwa Carl, mteja alikuwa mlangoni na haikuwa busara kumwambia asubiri. Kwa baba, jina la Carlsberg lilikuwa linawekwa rehani.

Wahenga wa pwani wana msemo kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hofu ya Jacobsen ilikuwa hiyo hasa. Sifa zikishapatikana, kishawishi cha kwanza ni kuongeza ujazo na kupunguza ubora, na mnywaji hagunduzi siku ya kwanza. Hugundua baadaye, na akishaondoka harudi.

Walibishana kuhusu kiasi cha uzalishaji, kuhusu mkataba wa upangaji na kuhusu nani ana haki ya kulitumia jina. Carl aliondolewa kwenye kiwanda alichopangishwa, akajenga chake karibu kabisa na cha baba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880 pakawa na Carlsberg ya Kale ya baba na Carlsberg Mpya ya mwana, milango ikitazamana, na wenye viwanda hivyo hawasemezani. Mji mzima ulijua.

Haki haikuwa ya upande mmoja. Carl alikuwa mpika bia hodari na kiwanda chake kilifanikiwa sana. Baba alikuwa sahihi kuhusu ubora, lakini ukali wake ulimgharimu miaka ya mwisho ya ukaribu na mtoto wake wa pekee. Familia nyingi zenye duka, shamba au jahazi zinaujua ugomvi wa namna hiyo. Mzee anashika alichokijenga, kijana anaona fursa inapita, na hakuna aliyeandika mapema nani ataamua nini.

Maabara ndani ya kiwanda

Katikati ya misukosuko hiyo, mwaka 1875, Jacobsen alifanya jambo ambalo wapika bia wenzake waliliona la ajabu. Alianzisha maabara ya utafiti ndani ya kiwanda chake. Mwaka uliofuata aliunda mfuko, Wakfu wa Carlsberg, na kuukabidhi usimamizi wa maabara kwa wanasayansi wa chuo cha kifalme cha Denmark, si kwa mameneja wake wa mauzo. Aliandika sharti kwamba matokeo yoyote yenye umuhimu wa kinadharia au wa kivitendo yasifichwe. Yachapishwe, kila mtu ayasome.

Mfanyabiashara mdogo anaweza kuuliza faida iko wapi katika kulipa mishahara ya watafiti ili majirani wasome majibu bure. Jibu lilikuja mwaka 1883.

Mwaka huo bia ya Carlsberg ya Kale iliugua. Ilitoka na uchungu usio wa kawaida na harufu mbaya, ingawa shayiri ilikuwa nzuri, mapipa yalisafishwa na nyuzi joto zilizingatiwa. Kwa mtu aliyekuwa akijivunia ubora kiasi cha kugombana na mwanawe, aibu ilikuwa kubwa kuliko hasara.

Aliyekuwa mkuu wa kitengo kinachochunguza vijidudu katika maabara hiyo ni Emil Christian Hansen, mtoto wa familia maskini kutoka mji wa Ribe. Hansen alikuwa amepaka rangi nyumba za watu kabla ya kupata elimu ya juu, na mwaka 1876 alipata medali ya dhahabu ya chuo kikuu kwa utafiti kuhusu kuvu wanaoota kwenye samadi. Mtu aliyezoea kuchunguza kinyesi cha mifugo kwa hadubini hakuona taabu kuchunguza masimbi ya bia.

Hansen aligundua kwamba hamira ya kiwanda haikuwa hamira moja. Ilikuwa mchanganyiko wa aina kadhaa. Pamoja na ile njema iliyotoka Munich walikuwamo wageni, hamira za mwituni zilizoingia kimyakimya na kuongezeka kila povu la pipa moja lilipotiwa katika jingine. Ni kama shamba la mpunga ambalo mkulima anabakiza mbegu kila msimu bila kuchambua. Punje chache za magugu za mwaka wa kwanza huwa kapu zima mwaka wa tano.

Dawa aliyoitafuta ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Aliizimua hamira kwa maji safi mara nyingi mpaka akapata tone lenye chembe moja tu hai. Chembe hiyo akaikuza peke yake kwenye chupa safi, ikawa mbili, ikawa nne, mpaka ikawa hamira ya kutosha pipa, yote ya uzao mmoja. Akazikuza aina mbalimbali kila moja kivyake, na kwa kuzijaribu akajua ipi inaleta bia njema na ipi inaleta ugonjwa.

Mwanzoni Jacobsen hakushawishika kirahisi. Alikuwa ameibeba hamira hiyo mwenyewe kutoka Munich, na haikuwa rahisi kukubali kwamba ameilea ikiwa na magugu. Lakini alikuwa amezoea kuamini kipimo. Novemba 1883 hamira safi ya Hansen ilianza kutumika kiwandani, na ugonjwa ukaondoka.

Mbegu inagawiwa

Sasa Jacobsen alishika kitu ambacho hakuna mpika bia mwingine duniani alikuwa nacho. Angeweza kukifungia, kuuza kwa bei ya dhahabu au kungoja bia za wenzake ziugue. Alifanya kinyume. Njia ya Hansen ilichapishwa kama sharti la maabara lilivyotaka, na hamira yenyewe ilitolewa bure kwa wapika bia walioitaka, ndani na nje ya Denmark.

Ukarimu huo haukuwa ujinga wa biashara. Jacobsen naye alikuwa amepewa mbegu Munich. Aidha, aliamini kwamba jina la Carlsberg lilisimama juu ya kazi nzima: kimea, maji, baridi, muda na usafi. Mshindani akipata hamira njema bado alipaswa kufanya hayo mengine yote. Na bia njema ikienea, wateja wa bia njema huongezeka.

Mwaka 1886 baba na mwana walipatana. Mwaka uliofuata walikutana Rome, Italia, ambako mzee aliugua na kufariki tarehe 30 Aprili 1887, akiwa na miaka 75. Kiwanda cha Carlsberg ya Kale hakikurithiwa na Carl. Kwa wosia kilikwenda kwa Wakfu, ili faida yake iendelee kulipia sayansi. Carl hakulipiza kisasi. Mwaka 1902 naye aliuingiza mfuko wake na kiwanda chake katika Wakfu, na mwaka 1906 viwanda viwili vilivyotazamana vikawa kimoja.

Kilichobaki

Uvumbuzi wa Hansen ulibadili bia ya dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwamo. Kiwanda cha Kenya Breweries kilipoanza Nairobi mwaka 1922, na laga ikaenea baadaye hadi Dar es Salaam, kazi ya kutunza hamira safi ilikuwa tayari ni kanuni inayofahamika. Kiwanda cha kwanza cha Carlsberg nje ya Denmark kilijengwa barani Afrika, huko Blantyre, Malawi, mwaka 1968.

Asili ya hamira ya laga iliendelea kuwashangaza wataalamu. Ilijulikana kuwa ni chotara, mzazi mmoja akiwa hamira ya mkate, lakini mzazi wa pili hakupatikana porini mpaka mwaka 2011, alipotambuliwa kwenye misitu ya Patagonia, Amerika ya Kusini. Na mwaka 2016 wataalamu wa Carlsberg walipika bia kwa hamira iliyokutwa ingali hai ndani ya chupa kuukuu ya kiwanda hicho ya mwaka 1883.

Kwa mkulima asiyejali bia, maabara ya Jacobsen imemfikia kwa njia mbili. Mwaka huohuo wa 1883 mtafiti wake, Johan Kjeldahl, alitoa njia ya kupima naitrojeni. Aliitafuta ili kujua protini iliyomo kwenye shayiri, na njia hiyo ikawa msingi wa kupima protini ya vyakula vya mifugo na rutuba ya udongo duniani kote. Mwaka 1909 Søren Sørensen wa maabara hiyohiyo alibuni kipimo cha pH. Mkulima anayeambiwa na bwana shamba kwamba udongo wake una tindikali, na kwamba aweke chokaa kabla ya mbolea, anapewa jibu lililoanzia kwenye kiwanda cha bia.

Somo kwa mkulima na mjasiriamali

Maisha ya Jacobsen yanarudi kwenye jambo moja, nalo ni mbegu. Ugonjwa uliomwangusha mwaka 1883 haukuingia kupitia mlangoni. Ulirithishwa kutoka pipa hadi pipa kwa mkono wake mwenyewe.

Mkulima wa muhogo wa Unguja anakabiliwa na hatari ileile. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza huko Amani, Tanga, katika miaka ya 1930, huenezwa na inzi weupe na pia na pingili zilizotoka kwenye mmea mgonjwa. Mti unaweza kuonekana mzima juu, kumbe mizizi imeoza chini. Anayekata pingili bila kuchagua anapanda ugonjwa kwa jasho lake, na anayemgawia jirani anamgawia ugonjwa pia. Kuchagua mashina ya miti iliyothibitika kuwa na mizizi safi, na kupata mbegu mpya kutoka vituo vya utafiti kama Kizimbani, ndiyo kazi ya Hansen kwa kipimo cha shamba.

Mama anayeuza mandazi na mkate wa kumimina, na mzalishaji wa siki ya mnazi, nao wana la kuchukua. Chombo kioshwe kwa maji ya moto kabla ya kila kundi. Joto na muda viandikwe daftarini, ili kundi likitoka vizuri liweze kurudiwa na likiharibika sababu itafutwe. Jaribio jipya lianze kwa kiasi kidogo. Na yeyote anayefikiria kuchachusha kilevi kwa ajili ya kuuza akumbuke kwamba biashara hiyo inahitaji leseni.

Liko pia la kugawana. Kikundi cha wakulima kinachoficha mbegu njema kinabaki kuzungukwa na mashamba yenye magonjwa, na inzi hawajui mpaka. Jacobsen alisafiri zaidi ya kilomita 800 akiimwagia maji mbegu aliyoomba kwa mtu. Miaka 38 baadaye, ilipokuwa safi kuliko alivyoipokea, aliigawa kwa wengine, na kiwanda chake hakikufa kwa sababu hiyo.